Mtoto wa Mbwa Mwoga au Mtundu: Jinsi ya Kumlea Asigeuke Hatari Mtaani

Saa kumi na mbili jioni ni saa ya kelele katika ploti nyingi za Lucky Summer. Watoto wamerudi kutoka shuleni, bodaboda zinapiga honi langoni, fundi wa kuchomelea anamalizia mlango wa chuma, na mpangaji wa orofa ya juu amefungulia redio kwa sauti. Katikati ya hayo yote, mtie mtoto wa mbwa wa wiki nane aliyetenganishwa na mama yake asubuhi hiyo na kuletwa ndani ya katoni. Anajificha nyuma ya mtungi wa maji. Mtoto mmoja anamvuta mguu ili acheze naye. Kijibwa kinanguruma, kinajikojolea, kisha kinauma kidole. Mtu mzima anakichapa kofi, anakifunga mnyororo karibu na lango na kusema kwamba kitazoea.

Mara nyingi hakizoei. Baada ya mwaka mmoja, ploti hiyo huwa na mbwa mkubwa anayemrukia kila apitaye, anayeogopwa na watoto wanaotumwa dukani, na ambaye hakuna anayethubutu kumshika siku ya chanjo. Hapo ndipo jambo la nyumba moja linapogeuka kuwa jambo la mtaa mzima.

Somo hili linaeleza kwa nini baadhi ya watoto wa mbwa huwa waoga au watundu kupita kiasi, na namna familia inavyoweza kuwafunza nyumbani bila gharama kubwa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mbwa, muda huo wa udongo laini ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani.

KWA NINI JAMBO HILI LINAMHUSU KILA MKAZI

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kusimamia ustawi wao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Jukumu hilo lina sababu nzito ya kiafya, nayo ni kichaa cha mbwa.

Kisa cha kwanza cha ugonjwa huo kuthibitishwa nchini kilikuwa cha mbwa, viungani mwa Nairobi, mwaka wa 1912. Zaidi ya miaka 100 baadaye, ugonjwa bado upo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Takriban watu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona.

Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa kutokomeza ugonjwa huu mwaka wa 2014, ikilenga mwaka wa 2030. Nguzo yake kubwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Lakini mbwa asiyeshikika hachanjiki kwa urahisi. Ndiyo maana malezi ya mtoto wa mbwa mwoga ni sehemu ya kinga ya mtaa, sawa na sindano yenyewe.

DIRISHA LINALOFUNGWA MAPEMA

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa kipofu na kiziwi. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio huanza kusikia karibu na wiki ya tatu. Kuanzia wiki ya 3 hadi takriban wiki ya 14, ubongo wake unapanga dunia katika mafungu mawili: vitu vya kawaida na vitu vya kuogopwa. Watu, watoto, miavuli, mikokoteni, paka, kelele za mvua kwenye mabati: anachokutana nacho kwa utulivu katika wiki hizo huwa cha kawaida maishani. Asichokutana nacho, au alichokutana nacho kwa maumivu, huelekea kuwa tishio.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini Marekani, katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka wa 1961, watoto wa mbwa walilelewa ndani ya shamba lenye ua mrefu, wakapata chakula bila kuzoeana na watu. Waliotolewa wiki ya 5 hadi ya 9 walizoea binadamu. Waliokaa humo hadi wiki ya 14 walibaki wakiwakimbia watu, na kuwafunza kulikuwa kazi ngumu sana.  Tofauti ilikuwa ni umri waliokutana na mkono wa mtu.

Kuna funzo la pili katika umri huo. Kati ya wiki ya 8 na ya 10, wakati ambapo watu wengi ndipo huchukua mtoto wa mbwa, kijibwa huwa mwepesi wa kutishika. Tukio moja baya, kama kukanyagwa au kupigwa, linaweza kubaki akilini mwake kwa muda mrefu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mbwa ni vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo, si vyema kumtoa kijibwa kwa mama yake kabla ya wiki 8. Mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kwanza jinsi ya kupunguza nguvu za meno: akimuuma nduguye sana, mchezo unakatika.

ISOME LUGHA YA MWILI WAKE

Mbwa huzungumza kabla ya kuuma. Kijibwa mwenye woga huonyesha dalili hizi:

• Hukunja mkia katikati ya miguu na kulaza masikio nyuma.
• Hujilamba midomo au kupiga miayo ilhali hana njaa wala usingizi.
• Hugeuza kichwa pembeni huku weupe wa macho ukionekana.
• Hutetemeka, hujibanza ukutani au huganda kama sanamu.
• Hujikojolea kidogo mtu anapomwinamia. Huu si ukaidi. Anasema: sina ubaya nawe, usinidhuru.

Kijibwa aliyechangamka kupita kiasi huruka, huuma nguo, hukimbia huku na huko na kubweka bila kukoma. Wengi humdhania kuwa ana nguvu nyingi, kumbe mara nyingi amechoka. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala kati ya saa 18 na 20 kwa siku. Akinyimwa usingizi na watoto wanaombeba kutwa nzima, huwa kama mtoto mchanga aliyepitiliza saa ya kulala: kelele tupu.

Tahadhari moja ni muhimu. Mbwa wa umri wowote anayebadilika ghafla, aliyekuwa mpole akawa mkali au aliyekuwa mchangamfu akajificha, hasa akitokwa na mate, akishindwa kumeza au akiyumba, asiguswe wala kufunzwa. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa. Atengwe ikiwa inawezekana bila hatari, na afisa wa mifugo aarifiwe mara moja.

MAKOSA YANAYOZALISHA MBWA HATARI

Kumlisha pilipili ili awe mkali. Pilipili humwumiza kinywa na tumbo. Haimfundishi kulinda nyumba.

Kumfungia kwenye kibanda chenye giza mchana kutwa. Nia huwa ni kumfanya asiwazoee watu ili usiku awe mlinzi. Matokeo ni mbwa asiyetofautisha mwizi na mpangaji anayerudi kutoka zamu ya usiku. Mlinzi mzuri ni mbwa anayewajua wa nyumbani na kubweka anapomwona mgeni.

Kumpiga. Kofi humfundisha kwamba mikono ni hatari. Kesho mkono wa mtoto ukinyooshwa kumpapasa, atauona mkono uleule. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inafanya kumpiga na kumtesa mnyama kuwa kosa.

Kumsugua pua kwenye kinyesi chake. Hajui anaadhibiwa kwa nini. Anachojifunza ni kujisaidia mafichoni.

Kumwadhibu anaponguruma. Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Kunguruma ni onyo. Mbwa aliyezuiwa kutoa onyo haachi kuogopa. Anaacha tu kuonya. Huyo ndiye mbwa ambaye watu husema ameuma bila sababu. Kijibwa akinguruma, mwondolee kinachomwogopesha, kisha utafute jinsi ya kumzoesha polepole.

MAFUNZO YA KIJIBWA MWOGA

Mafunzo yote hapa chini yanategemea jambo moja lililoelezwa na mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov zaidi ya karne moja iliyopita: kitu kikitangulia chakula mara kwa mara, mnyama huanza kukipokea kitu hicho kwa furaha. Zawadi si lazima iwe ya dukani. Vipande vya maini yaliyochemshwa, vikatwe vidogo kama punje ya mahindi, au omena mmoja mmoja usio na chumvi, vinatosha.

Hatua ya kwanza: pembe ya usalama. Siku tatu za mwanzo, mpe mahali pamoja patulivu, mbali na lango na jiko. Katoni iliyolazwa ubavu ikatandikwa gunia au shuka kuukuu inafaa. Akiwa humo, hakuna anayemvuta wala kumbeba. Mwambie kila mtu nyumbani, hata wageni.

Hatua ya pili: yeye ndiye aje. Kaa chini ubavu ukiwa umemwelekea, usimkazie macho. Dondosha chakula karibu nawe na ungoje. Akija, mpapase kifuani au shingoni kwa sekunde tatu kisha uache. Akisogea karibu zaidi, endelea. Akirudi nyuma, mwache.

Hatua ya tatu: kelele ndogo kabla ya kubwa. Rekodi kwa simu honi ya bodaboda, mlango wa bati, mvua kubwa na vishindo vya watu ngazini. Cheza sauti hiyo kwa chini sana, halafu mpe chakula mara moja. Mpangilio huu usibadilishwe: sauti kwanza, chakula baadaye. Akila bila kushtuka siku mbili mfululizo, ongeza sauti kidogo. Akiacha kula, umekwenda haraka, rudi ulikotoka. Zoezi la dakika tatu mara mbili kwa siku linatosha. Mbwa aliyelelewa hivi ana nafasi nzuri zaidi ya kuuvuka usiku wa fataki za mwaka mpya bila kuvunja lango.

Hatua ya nne: umbali. Akiogopa mkokoteni, mwanzishie mbali, pale anapouona lakini bado anakula. Siku inayofuata sogea hatua mbili. Kumburuta hadi ulipo mkokoteni ili aone hauna kitu kunazidisha woga.

Hatua ya tano: kuachwa peke yake. Toka nje ya mlango dakika moja, rudi bila vishindo. Kesho dakika tatu, kisha kumi. Anayeachwa ghafla kutwa nzima siku ya pili atalia hadi majirani walalamike.

MAFUNZO YA KIJIBWA MTUNDU

Kuruka juu ya watu. Akiruka, geuka umpe mgongo, usiseme neno. Miguu yake minne ikigusa chini, msalimie. Kumsukuma na kumkemea ni mchezo machoni pake. Zoezi hili hushindikana pale mpangaji mmoja anapomgeuzia mgongo na mwingine anapomshangilia. Ploti nzima ikubaliane.

Kuuma mikono na nguo. Ganda, acha kucheza kwa sekunde kumi, kisha mpe kitu halali cha kutafuna, kama kitambaa kigumu kilichofungwa mafundo. Usimpe kiatu kikuukuu, kwa sababu hajui tofauti kati yake na viatu vya shule.

Kuketi. Shika zawadi juu ya pua yake, isogeze polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Akifuata kwa macho, makalio yatashuka yenyewe. Hapo hapo sema "Keti", umpe. Mara tano, kisha mpumzishe. Baada ya wiki moja, mwambie aketi kabla ya chakula, kabla ya kufunguliwa lango na kabla ya kusalimiwa na mtoto. Mbwa aliyeketi hawezi kumrukia mtu.

Kujisaidia. Mtoe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Msifu papo hapo akimaliza. Akijisahau ndani, safisha tu na unyamaze.

WATOTO NA MBWA

Mtoto wa chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa wa nyumbani. Wafundishe watoto kanuni nne: usimguse mbwa anapokula, anapolala, anaponyonyesha au alipofungwa, usimkimbie mbwa usiyemjua, simama wima kama mti, mikono ubavuni, macho chini, ukiangushwa, jikunje na ufunike masikio na shingo, na ukikwaruzwa au kuumwa hata kidogo, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo.

Kanuni ya mwisho ina uzito wa pekee. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa au kwa kuhofia mbwa atauawa. Mzazi ahakikishe mtoto anajua kwamba kusema hakutamletea adhabu.

CHANJO, MINYOO NA KUTOKA NJE

Mitaa iliyo karibu na Mto Nairobi, ng'ambo ya jaa la Dandora, ina mbwa wengi wanaorandaranda wakitafuta chakula. Kwa hiyo mwenye kijibwa hukabiliwa na mvutano: anatakiwa aione dunia mapema, lakini bado hana kinga kamili. Suluhisho ni kumbeba. Mpakate mikononi au kwenye kikapu, mkae dakika kumi karibu na barabara, aone matatu na watu huku akipewa zawadi. Asitembezwe penye kinyesi au mizoga, kwani virusi vya parvo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi na huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu.

Utaratibu wa kawaida ni huu:

• Dawa ya minyoo: kuanzia wiki ya 2, kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 12.
• Chanjo ya parvo na distempa: kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, kisha kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16.
• Chanjo ya kichaa: akifikisha miezi mitatu, kisha kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Kampeni ya chanjo ikifika mtaani kabla ya umri huo, mpeleke, wahudumu watashauri.

Tunza kadi ya chanjo mahali pakavu. Ndiyo ushahidi pekee siku mtu akiumwa. Kuhusu kumhasi au kumfunga uzazi, zungumza na daktari wa mifugo mapema. Watoto wa mbwa wasiotakiwa ndio huishia kutupwa kando ya mto.

Sheria ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya Udhibiti na Ustawi wa Mbwa ya mwaka wa 2015 inamtaka mwenye mbwa awe na leseni. Ushauri wa tabia na tiba hupatikana kwa maafisa wa mifugo wa kaunti, kliniki za wanyama, Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete, na shirika la KSPCA.

MTU AKIUMWA

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta, majivu wala dawa ya kienyeji, na usilifunge kwa nguvu. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukaanze chanjo, na umalize dozi zote hata jeraha likipona. Meno madogo ya kijibwa nayo yanahesabika. Usimuue mbwa: iwapo anaweza kufungiwa bila hatari, huchunguzwa kwa siku 10, na matokeo hayo humsaidia daktari kuamua.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kijibwa chetu kina wiki ngapi, na dirisha lake la kuzoea limebakiza muda gani?
2. Taja dalili tatu za woga zinazotangulia kunguruma. Nani nyumbani ameziona?
3. Kwa nini mbwa asiadhibiwe anaponguruma?
4. Katika zoezi la kelele, kipi huja kwanza, sauti au chakula? Kwa nini?
5. Kadi yake ya chanjo iko wapi sasa hivi?

Familia itakayoweza kujibu swali la tano bila kutafuta imeanza vyema. Itakayokosa jibu ianze hapo kesho asubuhi, kabla ya zoezi lingine lolote.